Mlango wa Hatua Nne

Mwanangu Tabitha,

Habari za sabuni, shuka na namna ya kufunga chumvi isilowe safarini mama yako amekwisha kukueleza, tena mara tatu, kwa hiyo huko mimi sitii mguu. Nina jambo moja tu. Nimelianza kwa mdomo siku tatu hizi, na kila nilipolianza nimeishia kukufokea. Unanijua. Mdomo wangu una kiburi kuliko mimi mwenyewe. Kalamu angalau hainijibu.

Sasa hivi ni saa nane mchana. Wewe uko kwa bibi yako ng'ambo ya mbuga, ulikokwenda asubuhi bila kuniamkia. Tangu ulipoanza kusema hujawahi kutoka nyumba hii bila shikamoo, na leo ulinipita mlangoni ukiangalia chini, na mimi nikajifanya nanoa jembe. Sanduku lako la bati liko mbele yangu, wazi na tupu. Kesho asubuhi basi la Tabora linapita Iguguno, na shule iliyokuchagua kuingia kidato cha tano haitamngoja mtu.

Saa kumi itagongwa ile rimu ya lori pale shuleni na kijiji kitakusanyika kwa habari ya lambo linalojengwa upya. Nataka niandike kabla haijagongwa, maana sijui nitarudi nikiwa mtu wa namna gani.

Juzi ulitafuta karatasi tupu katika madaftari yangu ya zamani, ukaupata ule ukurasa. Juu nimeandika "Lambo". Chini yake kuna hesabu ya mistari minne. Uliisoma, ukaisoma tena, kisha ukaniuliza taratibu, "Baba, mabano yako wapi?"

Nikakupokonya daftari. Ukasema, "Jumatatu wanaanza kujenga mlango wa maji kwa mawe na saruji. Vigingi viko hatua nne, Baba. Ni hesabu hii hii." Nikakuambia unyamaze. Nikakuambia maneno mengine pia, ambayo baba hamwambii bintiye. Ukaingia ndani ukatoa nguo zako sandukuni moja moja, ukazikunja, ukazirudisha kwenye kamba. Ukaniambia, "Usiposema wewe, mimi siondoki."

Nilikasirika, siwezi kukuficha. Halafu nikaogopa, maana nilijua umesema kweli na sina pa kukimbilia. Basi nisikilize, nikueleze hesabu ile yote, hata ile sehemu isiyoandikwa daftarini.

Unakumbuka mwaka tuliposhushwa kutoka mlimani kuja kuishi hapa kijijini. Ulikuwa darasa la sita. Nyumba zilikuwa bado fito tupu na maji yalikuwa mbali, kinamama wakitoka na ndoo jogoo la kwanza. Ndipo likapangwa lambo katika korongo la juu. Bwana maji wa wilaya alikuja na gari, akapima siku moja, akaniita pembeni. Alikuwa na vijiji vingi na amechoka mno. Akaniandikia kikaratasi: maji ya mafuriko yakija kwa nguvu ni kiasi hiki kwa sekunde, mwendo wake mlangoni ni huu, kina chake ni hiki. Upana wa mlango wa kupunguzia maji ni maji gawanya kwa mwendo mara kina. Akasema, "Mwalimu, nasikia wewe una kitabu cha logi. Malizia."

Kitabu cha logi, majedwali yale ya logaridhimu! Mwanangu, ulizaliwa ukakikuta kitabu kile rafuni, huwezi kujua kilikuwa kitu gani kwangu. Masomo yangu yalikatika kidato cha pili baba yangu alipofariki, na katika vyote nilivyotarajia kuvipata kwenye masomo, nilirudi nyumbani na kitabu kile peke yake. Watu walikuwa wakiniita Mwalimu Logi. Walinitania, nami nilipenda. Hakuna mwingine kuanzia hapa hadi Iguguno aliyekuwa nacho.

Basi nikakaa kwenye ngazi ya darasa, wazee wamesimama wamenizunguka, Mwenyekiti yupo, mjomba wako Kiula yupo. Zilikuwa tarakimu tatu tu. Kumi na tatu nukta sita, moja nukta tisa, sifuri nukta sita. Ningeweza kuzidisha na kugawanya kwa mkono kama mtoto wa shule ya msingi, na nisingekosea. Lakini nilitaka kitabu kionekane. Nikakifungua, nikalamba kidole, nikapitisha kidole kwenye safu za tarakimu polepole kama padri kwenye misale, na wazee wakanyamaza kwa heshima.

Kosa lenyewe unalijua, lakini nataka liandikwe kwa mkono wangu. Logi ya vitu vilivyozidishwa hufunguka ikawa kujumlisha. Logi ya vitu vilivyogawanywa hufunguka ikawa kutoa. Hapa maji yamegawanywa kwa mwendo na kina kwa pamoja. Ilitakiwa niandike logi ya maji, kutoa, kisha mabano, ndani yake logi ya mwendo kujumlisha logi ya kina. Ukiyaondoa mabano, kutoa kunawapata wote wawili. Mimi nikaandika logi ya maji, kutoa logi ya mwendo, kujumlisha logi ya kina. Nilikumbuka kanuni ya kuzidisha, nikasahau kwamba kuzidisha kule kulikuwa chini ya mstari wa kugawanya. Na kwa kuwa kina kilikuwa pungufu ya mita moja, logi yake yenyewe iko chini ya sifuri, kwa hiyo nilipodhani naongeza nilikuwa napunguza. Ikatoka mita nne na kidogo, nasi mita moja tuliihesabu hatua moja. Nikasimama nikatangaza, "Hatua nne!"

Kiula akakuna kichwa. Akasema, "Shemeji, huo mlango si mwembamba? Mimi nimechunga kwenye korongo hili tangu mdogo. Maji yake nimeyaona."

Nikamjibu mbele ya wote, "Shemeji, wewe jua ng'ombe. Logi niachie mimi."

Watu walicheka. Naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Nami nilijiona mkubwa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kazi yake aliifanya mbele ya macho yako, kwa kuwa nyinyi wanafunzi ndio mliokuwa mkibeba udongo kwa karai. Kila tabaka la udongo likimwagwa, linanyunyiziwa maji, kisha Kiula anawaingiza ng'ombe. Alizunguka boma kwa boma kuazima ng'ombe wa watu, akawapitisha juu ya tuta kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku anawaimbia, mpaka ukigonga kwa kisigino unasikia mlio wa sakafu. Tabaka ambalo hakuridhika nalo aliwarudisha ng'ombe hata kama jua limezama na wenye ng'ombe wanalalamika. Tuta lile lilikuwa zuri kuliko nyumba zetu.

Mvua kubwa ya kwanza ikaja. Maji yalifika mlangoni, mlango ukashindwa kuyatoa, yakapanda, yakapita juu ya tuta lenyewe. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu halina ujanja. Uliona wewe mwenyewe: bustani zote, mbuzi wa Mama Eliasi, ghala la mbegu, na wajukuu wake wawili tuliowatoa juu ya mti asubuhi wakiwa hawawezi hata kulia. Hakufa mtu. Nimeishi miaka mitano kwa maneno hayo mawili, hakufa mtu, nikiyatafuna kila siku.

Sasa sehemu isiyoandikwa. Kesho yake mchana, watu wakiwa korongoni wanaokota walichoweza, mimi nilikaa darasani peke yangu nikairudia hesabu. Safari hii kwa mkono. Ikatoka karibu kumi na mbili. Nikairudia tena. Kumi na mbili. Nikalifunga daftari, nikaliweka kwenye mfuko wa koti.

Na mkutano ulipoitwa, daftari lilikuwa mfukoni humo. Mwenyekiti akauliza kwa nini tuta limebomoka. Mtu mmoja akasema labda halikushindiliwa. Mwingine akasema ng'ombe walipitishwa haraka haraka. Unajua namna maneno yanavyonona yakipita midomoni mwa watu wenye hasara. Mwisho wakamsimamisha Kiula katikati, akaitwa mhujumu wa kijiji, mtu asiyetaka Ujamaa. Alinitazama mimi. Nadhani alitaka tu niseme, kama mtu wa vipimo, kwamba tuta lilikuwa sawa. Nikainama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Baada ya wiki mbili alihamia Sekenke, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, na yuko huko hadi leo anachekecha mchanga. Mtu wa ng'ombe, Tabitha. Mama yako alilia mwezi mzima, na mimi nilimfariji.

Nakuomba radhi kwa jambo jingine, ambalo wewe hulijui. Ulipokuwa darasa la saba nilianza kukufundisha logi kabla ya wakati wako, tukichora kwa kijiti pale uani. Uliniambia neno "kufungua" linakuchekesha, kama vile logi ni furushi la mgeni. Ulikuwa mwepesi kuliko mimi. Na kila uliposahau mabano nilikuchapa rula mkononi. Nilikuambia, alama ya kutoa ikisimama mlangoni pa mabano ni ya kila mtu aliyemo ndani, huwezi kumtoza mmoja ukamwacha mwenzake. Siku moja nilikuchapa mpaka mama yako akaninyang'anya rula. Ulidhani nina ukali wa bure. Nilikuwa nakuchapa wewe kwa kosa langu mimi. Na ajabu yenyewe ndiyo hii, kwamba kanuni ile ile niliyokuingizia kwa fimbo ndiyo uliyonikamatia juzi. Ukanitazama bila hata kupandisha sauti.

Nilipokuwa kijana niliamini aibu ni kitu cha siku moja, ukiikwepa siku hiyo umepona. Sivyo. Niliikwepa siku moja, nikaikuta kila nilipopita korongoni, kila mama yako alipotaja jina la kaka yake, kila uliponionyesha hesabu uliyopata. Hata barua ya shule yako ilipokuja nilifurahi nusu. Mtu akikuambia kwamba kosa huzeeka likasahaulika, mwambie baba yako amejaribu.

Rimu inagongwa. Naenda.

*

Nimerudi. Jua halijazama, bado naona kuandika. Naandika harakaharaka, usinicheke kwa mwandiko.

Nilianza vibaya, kama kawaida yangu. Niliomba ubao, nikaandika logi zote na mabano yake, nikaeleza kufungua na kufunga. Nilikuwa najificha tena nyuma ya kitabu, sikujua. Watu wakanitazama tu. Ndipo Mama Eliasi akasimama, akasema, "Mwalimu, hayo sisi hatuyajui. Sema kama unaongea na watu."

Nikafuta ubao. Nikafanya kuzidisha na kugawanya kwa mkono, hatua kwa hatua, na wale wazee wangu wa kisomo cha watu wazima, ambao mwaka juzi walikuwa hawajui saba na nane, wakawa wananitajia tarakimu kwa sauti kabla sijaziandika. Tulifika jibu pamoja. Mwenyekiti akahesabu hatua nne pale uwanjani, akaweka jiwe, akaendelea kwa miguu yake hadi kumi na mbili, akasimama mbali kule, na kila mtu akaona kwa macho pengo lililokuwepo kati ya nne na kumi na mbili.

Mama Eliasi akauliza, "Kwa hiyo Kiula alishindilia?"

Nikasema, "Alishindilia."

"Na siku ile tuliyomsimamisha hapa, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa, nimeyatunza miaka mitano. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Alijifunga kanga yake upya, akakaa, akanipa mgongo. Wengine walinitukana kwa niaba yake, na kijana mmoja akataka kunirukia akazuiwa. Mwenyekiti akasema, "Ndugu Mwalimu, vigingi vitahamishwa kesho. Wewe kwenye kamati ya lambo basi. Na habari hii itakwenda wilayani, si kwa uadui, ila lazima iende." Nikamwambia iende. Huenda nikaondolewa kwenye ualimu. Usiyabebe hayo Tabora, ni yangu.

Kosa la leo ndilo hili: sikumwambia mama yako kwanza. Alilisikia mkutanoni, kati ya watu. Nilimwona akisimama na kuondoka kabla sijamaliza. Nilipofika nyumbani nilimkuta anatwanga mtama, anatwanga kwa nguvu kana kwamba kinu kimemkosea. Nikasimama pale kama mgeni. Akauliza bila kunitazama, "Tangu lini?" Nikamwambia, tangu kesho yake ya mafuriko.

Akatwanga tena kwa muda. Kisha akasema kwa Kinyiramba, nami nakuandikia kwa Kiswahili ili nisiyakwepe: "Kaka alipokuja kuniaga alikaa hapo ulipo. Aliniambia, dada, labda ni kweli, labda ng'ombe niliwapitisha haraka. Alikuwa ameanza kuamini mwenyewe."

Mwanangu, hilo sikuwa nalo katika hesabu. Nilijua nimemnyang'anya kijiji na jina. Sikujua kwamba miaka mitano hii huenda analala na kuamka akijiuliza kama ni yeye aliyewapandisha wajukuu wa Mama Eliasi mtini. Nililia mbele ya mama yako, jambo ambalo hajapata kuliona tangu tuoane. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mimi usiniambie kitu. Kamwambie yeye."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Huenda habari umekwisha kuzipata njiani, watu wa ng'ambo hawakosi. Huna deni la kunisamehe ili upate kuondoka. Kama ukitaka kwenda bila kuniamkia tena, nenda, lakini nenda. Hesabu ile haikuzuii sasa.

Kitabu cha logi nimekiweka sandukuni mwako, chini kabisa. Jalada limechakaa lakini kurasa zote zipo. Mahali pengine kwa kazi zangu zisizo na maana nilitumia logi pale ambapo ningegawanya tu kwa mkono, utaona alama za kidole. Wewe ukitumie pale kinapohitajika. Na mtu wa ng'ombe akikuambia mlango ni mwembamba, weka kalamu chini umsikilize.

Nguo zako bado ziko kambani. Mama yako amezigusa mara mbili na kuziacha, nadhani anangoja uzitoe mwenyewe. Barua hii naiweka juu ya sanduku.

Nimempa ujumbe mtu wa baiskeli aendaye Iguguno amwambie kondakta atuwekee nafasi mbili kesho, pamoja. Yako ni ya Tabora. Yangu inaishia Sekenke.

Baba yako